MAZUNGUMZO BAADA YA HABARI: TAA ISIYOTIWA MAFUTA HUUNGUZA UTAMBI

Katika mazungumzo yetu ya leo tunapenda kusema nanyi, maafisa na askari wa jeshi, wa polisi na wa magereza, juu ya jambo ambalo kwa kawaida halitajwi kambini wala kwenye kaunta ya kituo cha polisi. Jambo lenyewe ni uchovu wa kiongozi. Hatusemi ule uchovu wa doria ndefu au wa zamu ya usiku, ambao huondoka mtu akioga, akala na kulala. Tunasema uchovu unaomwingia mtu aliyebeba dhamana ya watu wengi na mali nyingi, ukamla polepole, huku yeye mwenyewe akiapa kwamba hana tatizo lolote.

Yumkini baadhi yenu watauliza: habari za wakuu wa mabenki na wenye maduka zatuhusu nini sisi tulioshika silaha? Zinawahusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wengi wenu ni wafanyabiashara tayari, au mtakuwa. Wanajeshi wa UPDF wana chama chao cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wana chama chao cha Exodus. Askari hukopa, mke akafungua duka, au shamba likanunuliwa ng'ombe wa maziwa, au kijana wa nyumbani akapewa pikipiki ya kubeba abiria. Jeshi lenyewe lina shirika lake la biashara, NEC, lililoundwa kwa sheria mwaka 1989. Na siku ya kustaafu inapowadia, sajini huvua sare akavaa joho la mwenye mali, akawa na wafanyakazi, madeni na wateja. Sababu ya pili ni kwamba uongozi ni uongozi. Kinachomwangusha mkuu wa benki katika ofisi yenye zulia ndicho kinachomwangusha kamanda katika hema.

Yafaa basi tuanze kwa kulieleza jambo lenyewe. Kila mmoja wetu amewahi kukiona kibatari kilichoishiwa mafuta ya taa. Hakizimiki mara moja. Kwa kitambo huendelea kuwaka, tena pengine kwa mwali mkubwa zaidi na moshi mwingi. Lakini wakati huo hakichomi mafuta tena, bali kinauchoma utambi wenyewe. Mtu aliye mbali akiuona mwanga atadhani taa ni nzima. Hivyo ndivyo alivyo kiongozi aliyeishiwa. Bado yuko kazini alfajiri, bado sauti yake inasikika, bado anatia saini. Lakini kinachoungua ni yeye mwenyewe.

Wataalamu walianza kuliandika jambo hili kwa kina mwaka 1974. Mwaka huo daktari wa saikolojia wa New York, Herbert Freudenberger, ambaye utotoni aliikimbia Ujerumani ya Wanazi, alichapisha maelezo juu ya watu waliokuwa wakijitolea katika zahanati za bure. Naye alikuwa mmoja wao: mchana alihudumia wagonjwa wake, jioni akaenda zahanati hadi usiku mwingi. Aliona kwamba waliokuwa wakianguka hawakuwa wavivu. Walikuwa ndio wenye bidii na moyo kuliko wengine. Hapo pana fundisho la kwanza. Uchovu huu haumpati asiyejali. Humpata anayejali sana na asiyejua kuweka mzigo chini.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani nalo lililiweka jambo hili katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, likaeleza kwamba si ugonjwa kwa maana kamili, bali ni hali inayotokana na mashaka ya kazini ya muda mrefu ambayo hayakushughulikiwa ipasavyo. Shirika hilo lilitaja dalili tatu: nguvu kwisha kabisa, moyo kujitenga na kazi, hata mtu akaidharau na kuisema vibaya, na uwezo wa kutenda kazi kupungua. Ni vyema kuzikumbuka dalili hizo tatu, maana tutazirudia.

Ndugu wasikilizaji, mfano ulio wazi kabisa ulitokea London mwaka 2011. Benki ya Lloyds, mojawapo ya benki kubwa za Uingereza, ilikuwa imeponea chupuchupu katika msukosuko wa fedha wa mwaka 2008. Serikali ya Uingereza ililazimika kutia ndani yake pauni zipatazo bilioni 20 za walipa kodi, na kwa hiyo ikawa na karibu asilimia 40 ya hisa zake. Mwezi Machi 2011 benki hiyo ilikabidhiwa kwa mkurugenzi mkuu mpya, António Horta-Osório, Mreno mwenye umri wa miaka 47, mtu mwenye sifa ya kufanya kazi bila kuchoka na kutaka kujua kila kitu kwa undani.

Alichokikuta kilikuwa moto. Mwezi Mei benki ilitangaza kutenga pauni bilioni 3.2 za kuwalipa fidia wateja waliouziwa bima isivyo halali. Mwezi Juni alitangaza mpango wa kupunguza wafanyakazi 15,000. Wakati huohuo Ulaya nzima ilikuwa ikitetemeka kwa madeni ya Ugiriki na nchi nyingine, na benki ilitegemea mikopo ya muda mfupi ambayo ingeweza kukatwa wakati wowote. Mkurugenzi aliichukua hofu hiyo yote akaenda nayo kitandani. Baadaye alieleza hadharani kwamba usingizi ulimtoroka, hata ikafika siku tano ambazo hakulala karibu kabisa.

Tarehe 2 Novemba 2011, baada ya miezi minane tu, benki ilitangaza kwamba mkurugenzi wake anakwenda likizo kwa ushauri wa madaktari. Thamani ya hisa ilishuka siku hiyohiyo. Magazeti yakauliza kama atarudi. Wapo waliosema mtu huyu amekwisha. Tuelewe vizuri kilichokuwa hatarini hapo. Si cheo cha mtu mmoja. Ni akiba za mamilioni ya wateja, ni ajira za maelfu ya watu, na ni fedha za walipa kodi ambazo serikali ilikuwa bado haijazirudisha. Mtu asiyelala siku tano angeweza kuvipoteza vyote hivyo kwa saini moja.

Alifanya nini? Alifanya mambo manne. Alikiri kwa mwenyekiti wa bodi yake kwamba hawezi. Alijikabidhi kwa madaktari na kuingia kliniki. Alikaa nje ya kazi hadi Januari, na bodi haikumrudisha kwa neno lake tu, bali ilitaka kwanza ushahidi wa kitabibu kwamba amepona. Na aliporejea tarehe 9 Januari 2012, hakurejea katika utaratibu uleule: alipunguza idadi ya wakubwa waliokuwa wakimletea taarifa moja kwa moja, akagawa madaraka. Kisha akaikataa bahashishi ya mwaka aliyokuwa na haki ya kuombewa, akitaja kuwa mojawapo ya sababu ni kule kuondoka kwake.

Matokeo yake yanajulikana. Aliiongoza benki hiyo hadi mwaka 2021. Mwezi Mei 2017 serikali iliuza hisa yake ya mwisho, ikawa imepata zaidi ya ilichokitoa. Naye aliongea waziwazi juu ya yaliyompata, na benki ikaweka mafunzo kwa wakuu wake kuhusu usingizi, chakula na afya ya akili. Hatumtaji kama malaika. Mwaka 2022 alijiuzulu uenyekiti wa benki nyingine, Credit Suisse ya Uswisi, baada ya kuvunja masharti ya karantini ya korona. Lakini katika jambo hili moja la kujua lini asimame na namna ya kurudi, aliacha fundisho.

Sasa tutoke London turudi kwetu. Mtazameni mfanyabiashara wa jumla pale Kikuubo, Kampala. Anafungua saa 12 asubuhi na kufunga saa 4 usiku. Hizo ni saa 16. Akifanya hivyo siku zote saba, ni saa 112 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulisababisha vifo vipatavyo 745,000 duniani katika mwaka 2016, kwa kiharusi na maradhi ya moyo. Mwenye duka wetu amezipita saa hizo zaidi ya mara mbili. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi wake mapumziko ya saa 24 baada ya siku sita za kazi, na likizo ya siku saba yenye malipo kwa kila miezi minne ya utumishi. Lakini mwenye duka mwenyewe hana wa kumpa likizo. Yeye ndiye mwajiri, na ndiye mtumwa wa mwajiri huyo.

Mstaafu wa jeshi au wa polisi yumo katika hatari kubwa zaidi, na sababu yake yastahili kufikiriwa. Alipokuwa katika utumishi, mambo mengi yalipangwa kwa ajili yake. Lindo lilikuwa na zamu; askari mmoja hakuachwa langoni usiku kucha na mchana kutwa. Kila kikosi kilikuwa na naibu wa kamanda, aliyejua mipango na aliyeweza kushika amri kamanda akijeruhiwa. Taarifa ziliandikwa katika kitabu, na aliyeingia zamu alikisoma. Majeshi ya dunia yaliyajua haya kwa gharama ya damu. Daktari Mwingereza, Lord Moran, aliyewatibu askari katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza na baadaye akawa tabibu wa Churchill, aliandika katika kitabu alichokitoa mwaka 1945 kwamba ushujaa ni kama akiba ya fedha: kila siku ya hatari mtu hutumia kidogo, na ikiisha, hata aliyekuwa shujaa jana hawezi tena. Ndiyo maana vikosi hutolewa mstari wa mbele vikapumzishwa kabla akiba haijafika sifuri.

Lakini mwanajeshi huyohuyo akistaafu na kufungua biashara, husahau yote aliyofundishwa. Hana zamu. Hana naibu. Hana kitabu cha taarifa. Hesabu zote zimo kichwani mwake, funguo zote zimo mfukoni mwake, na simu iko chini ya mto usiku kucha. Akiulizwa husema kwamba watu si waaminifu, na kwamba yeye amezoea taabu. Kweli watu wengine si waaminifu. Lakini kikosi kisicho na naibu ni kikosi ambacho risasi moja inakimaliza. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na gogo hapa ni mwili na akili ya mtu.

Je, mtu ajitambueje kabla gogo halijaisha? Tuzirudie zile dalili tatu kwa lugha ya kila siku.

Kwanza, nguvu. Ukilala siku mbili za mapumziko na ukaamka umechoka vilevile, huo si uchovu wa kawaida. Ukilala saa 4 usiku na kuamka saa 8, moyo ukienda mbio kwa ajili ya deni au barua ya mkubwa, na ikawa hivyo wiki baada ya wiki, jua kwamba mafuta yanakaribia kwisha. Ukianza kuhitaji waragi ili ulale na kahawa nzito ili uamke, umekwisha anza kuuchoma utambi.

Pili, moyo. Kiongozi aliyewapenda watu wake huanza kuwachukia. Mteja anakuwa msumbufu, mfanyakazi anakuwa mjinga, askari anayeomba ruhusa ya kwenda kumzika mzazi wake anaonekana mwongo. Matusi yanakuwa mengi. Nyumbani watoto huhamia chumba kingine baba anapoingia. Mtu mwenyewe huona kwamba dunia imeharibika. Kumbe kilichobadilika ni jicho lake.

Tatu, kazi. Unaisoma taarifa moja mara tatu na huielewi. Unaahirisha uamuzi mdogo, kisha unafanya uamuzi mkubwa kwa hasira. Unakaa kazini saa nyingi zaidi na kumaliza mambo machache zaidi. Katika duka hasara ya jambo hili ni fedha. Kwa aliyeshika silaha au anayeamuru walioshika silaha, hasara yake ni roho za watu. Mkuu wa kituo aliyeishiwa anaweza kutoa amri ya kutawanya umati ambayo hangeitoa akiwa na akili iliyotulia, na amri ikishatoka mdomoni hairudi.

Ikiwa dalili hizo zinaonekana, tufanyeje?

La kwanza ni kusema. Mficha uchi hazai. Aliye na mkubwa amwambie mkubwa. Mwenye biashara yake amwambie mwenzi wake wa ndoa au mshirika wake. Jambo hili ni gumu kwetu kwa sababu tumelelewa kuamini kwamba anayelalamika ni mwoga. Lakini askari anayeona bunduki yake imekwama na akanyamaza hatuwezi kumwita shujaa. Aliye jasiri ni yule anayeitoa taarifa kabla adui hajafika.

La pili ni daktari. Uchovu usiokwisha waweza kuwa malaria iliyojificha, kisukari, upungufu wa damu au shinikizo la damu. Mtu asijitangazie mwenyewe ugonjwa. Na ikiwa tatizo limo akilini, hakuna aibu. Wapo watu ambao wakilisikia jina la Butabika hucheka. Kicheko hicho kimewazuia wengi kutafuta msaada ambao ungewaponya. Hospitali za rufaa za mikoa nazo zina vitengo vya afya ya akili. Na yeyote anayefikia hatua ya kuona afadhali kufa, au anayemwona mwenzake katika hali hiyo, jambo hilo lisingoje hata kesho: silaha iwekwe mbali naye, asiachwe peke yake, apelekwe kwa daktari saa ileile.

La tatu ni likizo iliyo likizo kweli. Kukaa nyumbani ukipokea simu 40 za dukani si likizo. Makabidhiano yafanywe kwa maandishi: nani anashika fedha, hadi kiasi gani anaweza kuamua peke yake, na jambo gani pekee linaruhusu mwenye mali apigiwe simu. Kila ofisa anajua namna ya kukabidhi ofisi. Na akabidhi hivyohivyo duka lake, shamba lake na kampuni yake ya ulinzi.

La nne, ambalo wengi hulisahau, ni kubadili utaratibu. Anayepumzika mwezi mmoja kisha akairudia ile kazi kwa namna ileile ataanguka tena, kwa maana kilichomwangusha bado kipo. Apatikane naibu na afundishwe. Hesabu zitoke kichwani ziingie kitabuni. Iwepo siku moja katika wiki ambayo mlango unafungwa, au unafunguliwa na mtu mwingine. Simu ilale chumba kingine. Na biashara isiyoweza kuishi siku saba bila mwenyewe, mwenyewe aitazame upya, kwa sababu siku atakapougua au kufa haitaishi kabisa, na mjane na watoto watabaki na mkopo.

Ndugu makamanda na wakuu wa vituo, neno letu la mwisho ni kwenu. Sheria ile ya Ajira tuliyoitaja haiwahusu wanajeshi. Kwa hiyo mapumziko ya mwanajeshi yamo mikononi mwa wakubwa wake, na mapumziko ya wakubwa yamo mikononi mwa walio juu yao. Aliye na mamlaka ya kutia saini fomu ya ruhusa anao uhai wa mtu chini ya kalamu yake. Aidha, chini hutazama juu. Kamanda anayejisifu kwamba hajapata likizo kwa miaka mitano anawafundisha maluteni wake kuona haya kupumzika, na nusu ya kikosi itaungua pamoja naye. Montgomery, jenerali Mwingereza wa Vita Kuu ya Pili, alijulikana kwa kulala mapema hata vita vikiwa vikali, akitaka asiamshwe bila sababu kubwa. Alikuwa amepanga, amekabidhi, na anao maofisa anaowaamini. Hakuna aliyemwita mvivu.

Taifa linahitaji mwanga wenu kwa miaka mingi. Mkaguzi wa polisi mwenye busara, meja mwenye utulivu, mstaafu ambaye biashara yake inawalisha vijana kumi wa kijiji chake, hao ni hazina. Basi kila mmoja na aitazame taa yake usiku huu. Ikiwa mwali umekuwa mkubwa na moshi mwingi, asifurahie ukubwa wa mwali. Aitie mafuta.